Stempu za zamani: Ijue thamani yake kabla hujashika mkasi

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KATIKA nyumba nyingi za Kanazi, nje ya mji wa Bukoba mkoani Kagera, chini ya kitanda cha mzee au juu ya kabati la chumbani, huwapo sanduku la bati linalohifadhi nyaraka za ukoo. Humo hukaa hati za shamba la kahawa na migomba, vyeti vya ubatizo, stakabadhi za chama cha ushirika na barua za ndugu waliokwenda kutafuta maisha Kampala, Nairobi, Mwanza au Dar es Salaam.

Siku sanduku hilo linapofunguliwa, mara nyingi baada ya msiba, vijana huziona stempu. Mmoja amewahi kusikia kwamba stempu za kale huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Mwingine anachukua mkasi, anazikata zote kutoka kwenye bahasha na kuzitia ndani ya kopo. Bahasha zinapelekwa jikoni kuwashia moto.

Hapo ndipo thamani, kama ilikuwapo, hupotea kabla hata haijahesabiwa. Makala haya yanaeleza namna wakusanyaji wa stempu wanavyokadiria thamani, ili mwenye sanduku la aina hiyo ajue anachokishika, asidanganywe na mnunuzi, wala asijidanganye mwenyewe.

Umri pekee si thamani

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kwamba stempu ikiwa ya zamani basi ni ghali. Stempu ya kwanza ya kubandika duniani, inayojulikana kwa jina la Penny Black, ilitolewa na Uingereza Mei 1840. Hata hivyo, zilichapwa zaidi ya milioni 68, na hadi leo wauzaji wa stempu wanazo. Iliyotumika na yenye kasoro hununuliwa hata na mkusanyaji wa kipato cha kawaida.

Kinachopandisha bei ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: uchache wa stempu na wingi wa wanaoitaka. Mfano maarufu ni stempu ya senti 1 ya British Guiana, nchi ambayo leo ni Guyana, iliyotolewa mwaka 1856. Inafahamika kuwa imebaki moja tu. Mwaka 1873 mvulana wa miaka 12, Vernon Vaughan, aliikuta miongoni mwa barua za ukoo wake na kuiuza kwa shilingi 6 za wakati huo. Juni 2014 iliuzwa mnadani mjini New York kwa dola za Marekani milioni 9.48. Iliporudi mnadani Juni 2021 ilipata dola milioni 8.3.

Msomaji azingatie hesabu hiyo ya mwisho. Hata stempu mashuhuri kuliko zote ilishuka bei ndani ya miaka saba. Bei ya stempu hupanda na kushuka kama ya kahawa.

Karibu zaidi na Kagera, ng'ambo ya mpaka, Machi 1895 Mchungaji Ernest Millar wa shirika la kimisheni la Church Missionary Society alichapa stempu za Uganda kwa mashine yake ya taipureta huko Mengo. Thamani yake iliandikwa kwa kauri, yale magamba ya baharini ambayo Wahaya nao waliyatumia kama fedha wakiyaita ensimbi. Ukizitazama, ni vipande vya karatasi visivyo na picha wala rangi za kupendeza. Lakini kwa kuwa ni chache na wanaozitafuta wako dunia nzima, ni miongoni mwa stempu zinazoheshimiwa sana za Afrika Mashariki.

Hatua ya kwanza: Itambue

Huwezi kukadiria thamani ya kitu usichokijua jina. Kwa sanduku la Bukoba, stempu zinaweza kugawanywa katika vipindi vifuatavyo.

Kipindi cha kwanza ni cha Wajerumani, enzi ambazo Omukama Kahigi wa Kihanja alikuwa na makazi yake Kanazi. Kuanzia mwaka 1893 koloni hilo lilitumia stempu za Ujerumani zilizoongezewa thamani kwa pesa, ambapo pesa 64 zilikuwa sawa na rupia 1. Mwaka 1901 zikaja stempu zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari, na jina la Deutsch-Ostafrika. Kuanzia mwaka 1905 thamani iliandikwa kwa heller, 100 kwa rupia moja. Kwa hiyo neno pesa au heller peke yake linakuonyesha stempu iko upande gani wa mwaka 1905.

Kipindi cha pili ni cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walitumia stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizochapwa juu herufi G.E.A., wakati Wabelgiji walitumia stempu za Kongo zenye maandishi ya nyongeza ya Kifaransa na Kiholanzi. Katika kisiwa cha Mafia, kilichotekwa Januari 1915, stempu za Kijerumani zilizokamatwa zilipigwa chapa ya Waingereza.

Kipindi cha tatu kinaanza mwaka 1922, Tanganyika ilipopata stempu zake zenye kichwa cha twiga, kuanzia senti 5 hadi pauni 1. Mwaka 1927 zikafuata zenye sura ya Mfalme George V.

Kipindi cha nne ni cha stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza mwaka 1935. Baada ya Muungano wa 1964 jina la Tanzania liliingia mahali pa Tanganyika, na ushirikiano huo ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1970. Hizi ndizo zinazopatikana kwa wingi katika masanduku ya Kagera.

Kipindi cha tano ni cha uhuru na baada yake. Stempu za Tanganyika huru zilitoka Desemba 9, 1961, na mojawapo, ya senti 15, inaonyesha uchumaji wa kahawa. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ilizipiga stempu za Sultani muhuri wa mkono wenye maneno JAMHURI 1964.

Stempu mbili zinazofanana zaweza kutofautiana bei

Baada ya kujua kipindi, mkusanyaji huchukua kioo cha kukuzia. Stempu mbili zenye picha moja, rangi moja na thamani moja zinaweza kuwa na bei mbili zilizo mbali kabisa.

Mfano mzuri unatoka katika ziwa letu wenyewe. Stempu za senti 5 na senti 50 za mwaka 1935 zina picha ya mashua ya tanga ikiwa katika Ziwa Victoria, na picha hiyo iliendelea kutumika katika enzi ya Mfalme George VI. Katika baadhi ya stempu hizo, kamba imefika hadi kwenye tanga. Katika nyingine, kamba imeishia hewani. Aliyetumiwa barua hakuliona jambo hilo, lakini kwa mkusanyaji hizo ni aina mbili tofauti. Aina iliyo adimu hutegemea mwaka na thamani iliyochapwa, na tofauti ya bei yaweza kuwa kubwa.

Jambo jingine ni meno ya pembeni. Matundu yanayotenganisha stempu hupimwa kwa kuhesabu ni mangapi yaliyomo katika urefu wa sentimita 2. Stempu za George VI zilizoanza kutolewa mwaka 1938 zilichapwa tena na tena hadi miaka ya 1950, na mashine za kutoboa hazikuwa za aina moja. Kwa hiyo mkusanyaji hahesabu stempu hizo kwa picha tu, bali huhesabu na meno yake.

Pia kuna alama ya maji, yaani mchoro uliomo ndani ya karatasi yenyewe. Huonekana stempu inapotazamwa dhidi ya mwanga au kwa upande wa nyuma ikiwa juu ya kitu cheusi.

Hatua ya pili: Hali yake

Baada ya kuitambua, tazama hali yake. Je, meno yote yapo? Je, imechanika, imekunjika au imekwanguliwa nyuma? Je, picha iko katikati ya karatasi au imeegemea upande mmoja? Kama haikutumika, gundi yake ya nyuma bado ipo na haijaguswa? Kasoro moja tu yaweza kuondoa zaidi ya nusu ya bei.

Kwa wakazi wa Bukoba adui mkubwa ni unyevu. Eneo hili hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huyeyusha gundi, hugandisha stempu na kuleta madoa ya rangi ya kutu ambayo hayatoki. Mchwa na mende humalizia kilichobaki. Aidha, tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera, na nyumba ikishaezuliwa au kubomoka, karatasi ndizo za mwisho kukumbukwa mvua inaponyesha.

Hatua ya tatu: Muhuri na bahasha

Hii ndiyo hatua ambayo mkasi huiharibu. Kwa wakusanyaji wengi wa leo, stempu iliyo juu ya bahasha yake, ikiwa na muhuri unaosomeka wa ofisi ya posta na tarehe, ni ushahidi wa safari. Bahasha inaonyesha barua ilitoka wapi, ilipita wapi, ilifika lini na ililipiwa kiasi gani. Stempu iliyokatwa haisemi lolote kati ya hayo.

Mihuri ya miji mikubwa kama Dar es Salaam ipo kwa wingi. Ya ofisi ndogo za pembezoni ni michache, kwa kuwa barua zilizopita huko zilikuwa chache. Ndiyo sababu stempu ya kawaida ya Kijerumani yenye muhuri ulio wazi wa Bukoba huweza kumvutia mnunuzi kuliko ileile yenye muhuri wa Dar es Salaam. Na ikiwa bado iko juu ya bahasha iliyokamilika, huvutia zaidi.

Vivyo hivyo kwa barua za askari. Vijana wa Tanganyika walipigana katika kikosi cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengine wakafika Burma. Bahasha za wakati huo zina mihuri ya posta ya jeshi na ya wakaguzi waliozifungua na kuzisoma. Huko Somalia zilitumika stempu za Uingereza zilizochapwa juu herufi E.A.F. Bahasha ya namna hiyo huthaminiwa kwa ujumla wake, na stempu ni sehemu moja tu ya bei.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usikate, usiloweke, usibandue. Hata barua iliyomo ndani iache mahali pake, maana huenda ndiyo inayoeleza kwa nini bahasha hiyo iliandikwa.

Hatua ya nne: Uhalisi

Penye bei nzuri hapakosi mghushi. Stempu zinazoghushiwa zaidi ni zile ambazo thamani yake imetokana na chapa iliyoongezwa juu, kwa kuwa mghushi anahitaji stempu ya bei rahisi na muhuri wa kuchonga. Chapa za Mafia na za JAMHURI 1964 zimo katika kundi hilo, na hata stempu za kauri za Uganda zimeghushiwa.

Udanganyifu mwingine unahusu stempu za thamani kubwa, kama za shilingi 10, shilingi 20 na pauni 1. Nyingi kati ya hizo hazikubandikwa kwenye barua, bali kwenye hati za mikataba na kodi za serikali, zikafutwa kwa kalamu ya wino au muhuri wa ofisi. Zilizotumika hivyo zina bei ndogo sana zikilinganishwa na zilizopita posta. Walaghai huosha wino huo na kupiga muhuri bandia wa posta. Mwenye stempu ya pauni 1 iliyotoka kwenye hati ya zamani aweke akilini jambo hilo.

Kwa stempu ya thamani kubwa, neno la muuzaji halitoshi. Inahitajika hati ya wataalamu, kama inayotolewa na kamati ya uchunguzi ya Royal Philatelic Society London, chama kilichoanzishwa mwaka 1869. Hata hivyo, hati hiyo hulipiwa, hivyo haifai kwa stempu ambayo bei yake ni ndogo kuliko gharama ya uchunguzi.

Hatua ya tano: Piga hesabu

Bei husomwa katika katalogi. Zinazotumika zaidi ni Stanley Gibbons ya Uingereza, Scott ya Marekani, Michel ya Ujerumani na Yvert et Tellier ya Ufaransa. Kila stempu ina namba yake, na kwa kawaida ina bei mbili: ya isiyotumika na ya iliyotumika. Kwa stempu za Kijerumani, Michel ina maelezo ya kina, na kwa zile za enzi ya Waingereza wengi huanza na Stanley Gibbons.

Hapa ndipo penye mtego. Bei ya katalogi si pesa utakayolipwa. Ni bei ambayo muuzaji angeiuzia stempu iliyo katika hali nzuri. Tena, bei ya chini kabisa inayoonekana katika katalogi huwakilisha kazi ya muuzaji ya kuitafuta na kuipanga stempu hiyo, wala si thamani ya stempu yenyewe. Stempu 500 za bei hiyo ya chini hazifanyi utajiri.

Tuchukue mfano wa kuonyesha njia ya hesabu tu. Tuseme katalogi inaitaja stempu fulani kwa pauni 60. Yako ina jino moja lililokatika na doa la kutu. Mnunuzi anaihesabu kwa robo ya bei hiyo, yaani pauni 15. Muuzaji wa stempu naye anatafuta faida, hivyo anakupa theluthi ya pauni 15. Umebaki na pauni 5. Kama ulikwisha kuahidi ukoo pauni 60, umejiletea ugomvi.

Kipimo cha kweli zaidi ni bei ambayo stempu kama yako imeuzwa hivi karibuni. Katika minada na katika masoko ya intaneti kama eBay, tazama bei zilizolipwa, usitazame bei zinazoombwa. Mtu yeyote anaweza kuomba dola 10,000. Swali ni kama kuna aliyezitoa.

Stempu za miaka ya karibuni

Wengi watasikitika kusikia kwamba stempu za Tanzania za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, zenye wanyama, magari, wanamuziki wa Marekani na vikaragosi vya Walt Disney, kwa kawaida zina bei ndogo. Nyingi zilitengenezwa kupitia mawakala wa nje kwa ajili ya wakusanyaji, zikachapwa kwa wingi, na baadhi zilipigwa muhuri bila kupita kwenye barua yoyote.

Ajabu ni kwamba bahasha ya miaka hiyohiyo iliyosafiri kweli kutoka kijijini, ikiwa na stempu hizo na muhuri halisi, si rahisi kuipata. Wakusanyaji walinunua stempu mpya, na wananchi walizitupa bahasha.

Nini cha kufanya

Kwa mwenye sanduku la barua, wakusanyaji wenye uzoefu hufuata utaratibu huu. Kwanza, hamisha kila kitu mahali pakavu, mbali na jua na jiko. Pili, shika stempu zilizobanduka kwa kibano, si kwa vidole. Tatu, piga picha kila bahasha mbele na nyuma. Nne, andika orodha: stempu gani, muhuri wa wapi, tarehe gani, hali gani. Tano, tafuta maoni ya watu zaidi ya mmoja kabla ya kuuza. Shirika la Posta Tanzania lina kitengo kinachoshughulikia stempu za wakusanyaji jijini Dar es Salaam, nacho ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Anayekuja kijijini na kutaka kununua sanduku zima siku hiyohiyo, bila kukupa nafasi ya kuuliza, mwambie arudi. Kama bei yake ni ya haki leo, itakuwa ya haki na wiki ijayo.

Orodha hiyo ina kazi nyingine ambayo haihusu soko. Sanduku likigawanywa kama mirathi bila orodha, kila ndugu hubaki akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyechukua stempu ya mamilioni. Orodha yenye picha huondoa shaka hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukweli ni kwamba masanduku mengi hayana stempu ya mamilioni. Hesabu ikikamilika, huenda ukoo ukagundua kwamba mali yote iliyomo haifikii bei ya gunia la kahawa. Lakini bahasha zitakuwa zimebaki nzima, na ndani yake barua ya babu aliyeandika kutoka Kampala kuuliza kama mvua imenyesha na kama mtoto amepona. Hiyo haina namba katika katalogi yoyote, na ndiyo ambayo mkasi usingeweza kuirudisha.